Hongo ya Majina

Wewe uliyefungua daftari hili, nakuomba jambo moja kabla hujageuza ukurasa. Usilisome kwa sauti, usilipige picha, na yaliyomo usimsimulie mtu, hata yule unayemwamini kuliko wote. Humu kuna mama mmoja anayeweza kuumia. Majina ya watu nimeyabadilisha, la kwangu likiwa la kwanza. Jina moja sikuliandika kabisa. Ukifika mahali nilipochora mstari, usijaribu kulikisia.

Jumatatu, 13 Novemba 2023

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana. Kumbikumbi wameingia ofisini kupitia dirisha lisilo na kioo, nikafunika kompyuta kwa kanga yangu.

Nimeanza kuandika kwa sababu nimetimiza mwezi kazini na ninaogopa kusahau ninayoagizwa. Naitwa Najiat. Nina miaka ishirini na minne, nina shahada, na nimekaa kwa mama yangu Ipuli miaka miwili nikisubiri kazi. Sasa ni karani wa kampuni ndogo ya filamu hapa Kanyenye, Tabora mjini, vyumba viwili juu ya duka la nyaya na taa. Tuko wanne tu. Bosi Nikolaus ndiye mkurugenzi. Masele ndiye mpiga picha na mhariri. Mzee Lugembe analinda mlango wa chini. Mimi naandika barua, najaza fomu na kugonga mhuri. Nipo kwenye majaribio hadi mwisho wa Machi.

Alhamisi, 16 Novemba

Leo wamenionyesha filamu yenyewe. Ni ya mama mmoja wa Ulyankulu, Mama Marsiana, aliyetoka Burundi kwa miguu mwaka 1972 akiwa na miaka tisa. Inaanza kwenye pori la miombo ambalo wakimbizi walipewa kulifyeka, inakwenda hadi shamba lake la leo. Haongei sana. Kuna mahali anasimama kakupa mgongo, jembe begani, anatazama mahindi, na Masele hakukata picha kwa muda mrefu. Nilimwona Bosi anafuta miwani. Ameiona filamu hii mara mia, na bado anafuta miwani.

Nimefurahi kufanya kazi kwa mtu kama huyo.

Jumanne, 21 Novemba

Nimejifunza kwamba filamu haina jina moja. Bosi alikuwa ananiagiza barua za wasambazaji, na kila barua ilikuwa na jina lake.

"Hapa nyumbani ni Jembe la Kwanza," alisema. "Dar wao wanataka Machozi ya Mama."

"Kwa nini, Bosi?"

"Bango linabandikwa ukutani, mtu anapita na bodaboda. Ana nafasi ya maneno matatu, na moja lazima liwe machozi. Nairobi wamesema jembe linawakumbusha vijana adhabu za shule. Wanataka Miguu Mitupu. Wajerumani wana filamu nyingine yenye jina karibu na letu, sheria yao inakataza. Hao andika Mwanamke Aliyevuka Mto na Jembe Lake."

"Hakuvuka na jembe," Masele alisema bila kuinua kichwa. "Jembe alipewa huku."

"Mjerumani hajui."

"Mama mwenyewe anajua."

"Mama hatakwenda kuitazama Ujerumani, Masele."

Mzee Lugembe alikuwa amepanda na birika la chai. Yeye ni Mnyamwezi wa kule Tura, Bosi ni Mgogo, na kwa utani wao hakuna siku inayopita salama. Akasema, "Haya ndiyo malipo yenu. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani. Akifika Ugogo, babu zako wamekaa njiani: lete hongo, ushuru wa kupita. Kitambaa hiki, kitambaa kile, la sivyo maji hunywi. Leo na wewe Mgogo unatozwa. Kila mpaka wanakudai jina."

"Kalinde mlango, mzee."

"Naulinda. Ndiyo maana hakuna aliyeiba hayo majina yenu."

Hata mimi nilicheka. Ila niliporudi mezani niliyaandika majina yote kwenye karatasi moja, kila nchi na lake, nikaibandika ukutani nisije nikakosea.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimeuliza kama Kampala watatumia jina la Nairobi au la Dar. Bosi kasema, "Binti, unauliza kama polisi." Alisema taratibu, lakini mbele ya mgeni.

Sitauliza tena leo.

Jumanne, 28 Novemba

Mvua. Umeme umekatika. Mama kapika uyoga wa porini.

Jumatano, 6 Desemba

Nimemaliza fomu ya Ulaya. Naandika jinsi nilivyoijaza, ili ikitokea swali nijue la kujibu.

Fomu imetoka kwa msambazaji wa Ubelgiji, ambaye ndiye atakayeipeleka filamu nchi sita za kule, na lazima ifike leo. Ina visanduku viwili vya jina. Cha pili ni jina litakalotumika katika kila nchi. Hicho nilikijaza kutoka kwenye karatasi yangu ya ukutani. Cha kwanza ni jina la asili. Chini yake wameeleza kwa herufi ndogo: jina ambalo filamu ilipewa kwanza na walioitengeneza, kabla ya mengine yote.

Hapo nikakwama. Jembe la Kwanza si jina la kwanza. Bosi aliwahi kuniambia kwamba kabla ya hilo yalikuwapo mawili, akayaacha. Nilimpigia yuko Dar, simu haipatikani. Masele alikuwa Nzega kwenye harusi, anapiga picha. Ningeweza kusubiri kesho, lakini tarehe imeandikwa kwa wino mwekundu, na kuuliza kwenyewe naogopa tangu ile siku.

Nikafungua kompyuta ya Masele. Mafaili yake yana majina ya ajabu: Maji, Kesho, Basi, Ng'ombe Wale. Filamu nzima iliyokamilika iko ndani ya faili moja lenye jina ambalo si la Kiswahili. Ni neno moja refu. Nikaona ndilo. Faili lililobeba filamu yenyewe ndilo jina lake la kwanza. Nikaliandika kwenye kisanduku cha kwanza, herufi kwa herufi, nikalihakiki mara tatu, nikagonga mhuri, nikatuma.

Nitalala unono baada ya kazi njema.

Jumatatu, 18 Desemba

Bosi amesifu fomu zangu. Hakuzisoma, aliona tu zimejazwa zote.

Jumatatu, 25 Desemba

Ofisi imefungwa. Mvua tangu alfajiri.

Jumanne, 9 Januari 2024

Masele ananichosha. Anaacha vikombe juu ya karatasi, haandiki kitu, anajibu kila mtu "ndiyo" hata kama hakusikia. Leo nimemuuliza kwa nini mafaili yake yana majina kama yale.

"Naweka neno la mwisho," alisema. "Ninapozima kamera, neno la mwisho alilosema mtu ndilo jina la faili. Hivyo nakumbuka tuliishia wapi."

"Na filamu nzima? Ile uliyoiunganisha?"

"Niliihifadhi kwenye faili la siku ya mwisho. Lilikuwa wazi."

Kwa hiyo lile si jina la filamu hata kidogo. Nikamuuliza lile neno refu maana yake nini. Kasema hajui. Siku ya mwisho Mama Marsiana aliimba wimbo wa kubembelezea mtoto, kisha akasema kitu kwa Kirundi, akamalizia na hilo neno. Sehemu hiyo haimo kwenye filamu kwa sababu haijatafsiriwa. Mwalimu Aleksi wa Urambo ndiye anatafsiri, na mvua zimemchelewesha.

Labda ni neno zuri tu. Labda ni "mtoto" au "mvua". Sijamwambia Bosi.

Alhamisi, 11 Januari

Sijala vizuri. Mama kaniuliza kama nina mimba. Nimemwambia nina kazi.

Jumatano, 17 Januari

Tafsiri imekuja. Mwalimu Aleksi aliituma kwa basi, kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na juu yake plasta. Ndani ni karatasi tatu kwa mkono wake. Mbili ni wimbo. Ya tatu nainakili hapa isipokuwa neno moja:

"Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa akiniimbia. Sijauimba tangu njiani. Marsiana si mimi. Marsiana alikuwa mtoto wa mama aliyenilea. Karatasi zangu zote ni za Marsiana, uraia wangu na wa wanangu umesimama juu ya jina lake. Msiwaambie watu. Nimelisema kwa sababu wimbo haukamiliki bila kuliita. Lizikeni humohumo kwenye mashine yenu. Mimi nilikuwa ———."

Halafu kwenye mkanda, anaandika mwalimu, sauti ya kijana inajibu kwa Kiswahili, "Ndiyo, mama." Na chini ya yote: "Dada, nimekwishafuta mkanda kwenye simu yangu. Na wewe fanya inavyofaa."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaketi sakafuni nyuma ya kabati la mafaili.

Nieleze nilichokifanya, kwa utaratibu. Mama huyu aliandikishwa hapa kwa jina la mtoto mwingine. Alipewa uraia kwa jina hilo. Shamba ni la jina hilo, vyeti vya watoto wake vinalitaja jina hilo. Mtu yeyote akiweka uso wake na jina lake la kwanza pamoja, anaweza kwenda mahali na kusema: huyu siye. Na mimi nimeviweka pamoja, kwa mhuri, nikavituma nchi sita.

Nilidhani majina yanayobadilishwa mipakani yangelifunika. Lakini nimesoma tena maelekezo ya ile fomu. Nchi zote zinabadilisha jina kubwa. Jina la asili halibadilishwi. Linaandikwa chini ya kila jina, kwa herufi ndogo, kila nchi, kila bango, kila katalogi, ili watu wa filamu wajue kwamba hii ni ileile. Kila mpaka ukidai jina lake, lile moja linapita bila kutozwa.

Ijumaa, 19 Januari

Sijasema. Bosi alikuja akiimba, akanikuta nafuta meza iliyokwishafutwa. Akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 22 Januari

Barabara ya Ulyankulu imekatika, wanasema, lori limelala mtoni.

Alhamisi, 25 Januari

Sijasema.

Mzee Lugembe amepanda na chai, akanitazama akaiweka bila utani. Baadaye nilishuka kwake nikamuuliza juu ya babu yake mpagazi, nipate tu kusikia kitu kingine.

Kasema kwa ukoo wao mwanaume akijiunga na msafara alichukua jina la njia. Jina la nyumbani alimwachia mama yake. Kule njiani wenzake walimwita Kamba, au Chumvi, au Hakuna Maji, na mtu wa kwao akimsikia hamtaji kwa jina la nyumbani hata wakikutana Bagamoyo.

"Na akikosea akamtaja?"

"Anabeba mzigo wake pamoja na wa mwenzake mpaka kambi inayofuata."

"Basi?"

"Ulishabeba pembe mbili kwa mpigo, binti?"

Nilimwambia sijabeba. Akasema anaona kama nimebeba.

Jumanne, 30 Januari

Mambo yamekuwa mabaya zaidi. Yule Mbelgiji ameandika barua ndefu. Amesema watu wake wameyatazama majina yote na yote yamewachosha: wanawake wanaotembea, wanawake wanaovuka, kila mwaka wanaletewa kumi. Lakini lile jina la asili limewashika. Hawalielewi, na ndiyo maana wanalitaka. Wanaomba litumike kama jina kubwa nchi zote sita, na chini yake uso wa mama. Wameambatanisha mfano wa bango. Katalogi yao ya filamu inakwenda mtamboni kuchapwa tarehe ishirini na tatu Februari.

Bosi alisoma akainuka kitini. "Jina gani hili? Nani kaliandika?"

"Mimi, Bosi."

Nilingoja aniangushie paa. Akanishika mabega. "Najiat, wewe una jicho. Miezi mitatu mimi nahangaika na machozi na miguu mitupu, wewe umelitoa wapi?"

Nikasema kwenye faili la Masele. Mengine hayakutoka.

Alhamisi, 1 Februari

Leo nimempa Masele ile karatasi ya tatu. Aliisoma polepole, akaisoma tena. Nilimdhania mtu asiyejali. Akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Mimi nilijibu ndiyo," alisema. "Sikujua anachoniomba. Nilijibu tu ndiyo, kama kawaida yangu."

Akabadilisha jina la lile faili mbele yangu. Kisha akasema, "Aliniletea maharage siku ile, kwenye kikapu. Alisema niende nayo kwa mama yangu."

Jumanne, 6 Februari

Tumekwenda wote wawili kwa Bosi. Nimemweleza kuanzia kisanduku cha kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo nitalikumbuka kwa haki yake.

"Ni nani Ubelgiji atakayelijua?" aliuliza.

"Warundi wapo wengi Ubelgiji, Bosi. Na filamu itafika mtandaoni, itarudi hapahapa."

"Alisaini ridhaa."

"Alisaini kwa jina la Marsiana," Masele alisema. "Ridhaa ya huyo mwingine hatuna."

Bosi akaenda dirishani. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani mpaka ilibidi apaze sauti. "Nimeshona filamu hii kwa miaka minne. Nimebisha hodi kila mlango. Mara ya kwanza mtu amesimama kuitazama, na kilichomsimamisha ni hilo neno. Mkiniambia nilitoe, mnaniambia niizike filamu. Mama mwenyewe ataheshimika dunia nzima."

"Mama hataki dunia nzima," nikasema. Sijui nilipata wapi sauti.

"Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Basi," alisema, na akarudi kwenye barua zake. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Jumatatu, 12 Februari

Barabara bado.

Alhamisi, 15 Februari

Barabara imefunguliwa kwa magari madogo. Siku nane mpaka mtamboni.

Jumamosi, 17 Februari

Nimetoka Tabora alfajiri, nimefika Ulyankulu saa sita. Masele alitaka kuja, nikamkatalia. Kosa ni la kalamu yangu.

Mama Marsiana alikuwa jikoni, jiko la nje lenye paa la nyasi, maharage yanachemka. Ni mfupi kuliko kwenye picha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda na kunitaka ninawe mikono kwa kuwa chakula kimekaribia. Niliona nikianza kula sitasema, kwa hiyo nilisema kabla ya kunawa. Nilisema vibaya, nikarudiarudia. Nikamwonyesha mfano wa bango.

Hakulia, wala hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaishika karatasi mbali na macho.

"Hili ndilo?"

"Ndilo, mama."

"Ndivyo linavyoonekana." Akapitisha kidole chini yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Sikuwahi kuliona. Wakati wa jina hili sikuwa najua kusoma. Ni refu."

Maharage yalianza kumwagika, akainuka akapunguza kuni, akarudi.

"Nani mwingine amelisoma kwa sauti?"

"Hapa, hakuna. Kule sijui."

"Unafanya kazi gani wewe, mwanangu?"

"Karani, mama."

Ndipo akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nyie makarani," alisema. Kisha akanieleza, na naandika kama alivyosema.

"Marsiana alikuwa wa umri wangu. Mimi wangu wote walibaki kule, nilitembea nimeshika nguo ya mama yake. Marsiana alikufa kwa tumbo, siku mbili kabla hatujaandikishwa. Tulimzika nyuma ya hema la kuandikishia, hapakuwa na pengine. Siku ikafika, foleni ndefu, karani amekaa na daftari lake, kijana kama wewe. Kwenye orodha ya waliovuka mto mama alikuwa na mtoto mmoja, Marsiana. Karani akauliza, huyu nani? Mama akashika mkono wangu akasema, Marsiana. Yule karani alijua. Kaburi lilikuwa mgongoni mwake, jana yake yeye mwenyewe ndiye aliyetuazima sepetu. Akanitazama. Akamtazama mama. Akaandika."

"Hakusema kitu?"

"Alisema, anayefuata."

Akaikunja ile karatasi mara nne. "Alikuwa na hofu yule, kama wewe. Lakini alinyamaza nalo mpaka leo, popote alipo. Miaka hamsini na moja sijaulizwa. Karani mmoja alilifunga, karani mwingine amelifungua." Akaniangalia. "Sitaki uniombe msamaha. Ulilitoa wewe, kalirudishe wewe."

"Nikishindwa?"

"Basi nitajua kwamba ulikwenda ukashindwa, siyo kwamba hukwenda."

Kabla hajaitia ile karatasi motoni aliniomba nimwite kwa jina lile mara moja, polepole, kwa kuwa watoto walikuwa shambani na hapakuwa na mtu. Nikamwita. Hakuitika. Akaisukuma karatasi chini ya chungu, tukaitazama mpaka ikaisha. Ndipo akapakua.

Jumatatu, 19 Februari

Nimemwambia Bosi kwamba sasa nimemuuliza, na nimempa jibu lake. Alisema tutaongea Ijumaa. Ijumaa ndiyo tarehe ishirini na tatu. Anajua hilo.

Jumanne, 20 Februari

Saa nane mchana, Bosi yuko benki. Nimeandika barua kwa karatasi ya kampuni kwamba jina la asili lililo kwenye fomu ya Desemba ni kosa la ofisi, ni lebo ya faili la mhariri na halikuwahi kuwa jina la filamu. Jina tunaloomba liandikwe badala yake ni Jembe la Kwanza. Lile jingine haliruhusiwi kutumika kwa namna yoyote, kubwa wala dogo, kwa kuwa aliyerekodiwa hakutoa ridhaa. Hakuna uongo hata mmoja mle. Nikasaini jina langu na cheo changu, karani. Nikagonga mhuri wa kampuni, mhuri ambao sina ruhusa ya kuutumia bila yeye.

Mhuri ukatoka kivuli pande mbili. Ilibidi nichape upya. Mara ya pili nilishika kifundo cha mkono kwa mkono mwingine. Nikatuma.

Nikashuka nikakaa kwa Mzee Lugembe mpaka jioni. Hakuuliza. Alinimegea muhindi wa kuchoma, akasema Wagogo walipopewa kitambaa kisicho sahihi walikirudisha, na msafara ulilala njiani siku tatu, lakini haukufa.

Jumatatu, 26 Februari

Nimefukuzwa kazi. Mbelgiji alimpigia simu kumuuliza kama barua ni ya kweli. Bosi angeweza kusema si ya kweli. Alikuwa na simu mkononi, ananitazama, mimi nimesimama mlangoni na mkoba. Kisha akasema, "Ndiyo. Ni ya kweli," akakata.

Halafu akasema, "Mhuri wangu, Najiat." Nikaweka mhuri mezani. "Na funguo." Nikaweka funguo. Hakuna lililobaki. Nilipofika kwenye ngazi akaniita, nikageuka, lakini alikuwa anafuta miwani, akanipungia tu niende.

Jumatatu, 4 Machi

Masele amekuja Ipuli kunionyesha jibu. Wamelitoa jina. Bango limebadilishwa, sasa wanaiita kwa lugha yao kitu kinachohusu shamba, na chini yake kwa herufi ndogo: Jembe la Kwanza. Wana hasira, wamepunguza nchi zikabaki mbili.

Lakini kuna mstari wa mwisho. Nakala mia tatu za awali za katalogi zilikwisha kupelekwa kwa watu wa filamu kabla barua yangu haijafika. Wanasikitika. Hawajui ziko mikononi mwa nani.

Mia tatu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda Ulyankulu kumwambia Mama. Nilimwambia yote, pamoja na hizo mia tatu. Alikuwa anapalilia, hakuacha. Alifika mwisho wa tuta, akasimama.

"Moja ulishaileta," alisema. "Zimebaki ngapi?"

"Mia tatu, mama. Ile ilikuwa mfano tu, haimo kwenye hesabu."

"Basi utakuwa na kazi, usije ukasema huna."

Ijumaa, 15 Machi

Mvua zinakaribia kwisha, mahindi ya Ipuli yameanza kuvunjwa. Naandika kwa mara ya mwisho, na naandika kwako, kwa sababu sijui wewe ni nani wala uko nchi gani, na huenda unayo mojawapo.

Utaitambua hivi. Ni kijitabu chembamba cha filamu za msimu, jalada la kijivu. Ukurasa mmoja una uso wa mama mzee, jembe begani, nyuma yake mahindi. Juu kuna neno moja refu ambalo hutalielewa. Usijaribu kulitamka. Usimuulize rafiki yako Mrundi maana yake. Ng'oa ukurasa huo, ukunje mara nne, neno likiwa ndani, uniletee au umpe mtu anayekuja huku.

Usipige simu ofisini, sipo tena. Shuka stesheni ya Tabora, treni ya mchana ni nzuri zaidi, uje Ipuli. Usiulize Najiat, hakuna anayeitwa hivyo. Uliza nyumba ya mama anayekausha uyoga, kibarazani kuna binti anayechapa barua za watu. Ukimkuta, usijitambulishe na usieleze chochote, hata kama kuna watu foleni. Mpe tu karatasi iliyokunjwa. Atakutazama, ataipokea, na atasema, anayefuata. Zunguka nyuma ya nyumba ukanawe mikono, chakula hakikosekani. Jiko letu linawaka tangu asubuhi.